Shajara ya mradi: Majina yaliyotoweka kwenye daftari la wapiga kura, Kaunti ya Macon, Alabama

Shajara hii ni ya yeyote anayetaka kufanya kazi kama hii kwenye kaunti nyingine ya Kusini mwa Marekani. Tunafuatilia majina ya wanaume Weusi wa Macon tangu walipoandikishwa kupiga kura kwa mara ya kwanza mwaka 1867, hadi mahakama ilipoiamuru bodi ya uandikishaji iwaandikishe wajukuu na vitukuu vyao mwaka 1961. Katikati ya miaka hiyo kuna shimo. Kwa takwimu za jimbo zima shimo hilo linajulikana: mwaka 1900 Alabama ilikuwa na wanaume Weusi zaidi ya 180,000 wenye umri wa kupiga kura, na kufikia 1903, chini ya katiba mpya, waliokuwa daftarini hawakufika 3,000. Sisi tunataka kulionyesha jina kwa jina, katika kaunti moja ya wakulima wa pamba.

Tuko wanne. Mimi naishi Montgomery, kilomita kama 65 kutoka Tuskegee, makao makuu ya Macon. Wapo vijana wawili wa chuo, na yupo mwalimu mstaafu mzaliwa wa kaunti hiyo ambaye humu nitamwita Bibi. Bila yeye nusu ya majina ya mahali yangetupita.

13 Januari 2024: Daftari la 1867

Tumeanza na lililo rahisi kupatikana. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mwezi Machi 1867 zilizoyaweka majimbo kumi ya Kusini chini ya jeshi, zikaagiza wanaume waliotimiza miaka 21 waandikishwe upya, Weusi pamoja na Wazungu, isipokuwa wale walionyimwa haki hiyo kwa sababu ya kushiriki uasi. Alabama waliandikishwa Weusi zaidi ya 104,000 na Wazungu karibu 61,000. Kila bodi ya uandikishaji ilikuwa na wajumbe watatu, na mmoja wao alikuwa Mweusi. Watu waliokuwa mali ya wenzao miaka miwili tu nyuma walisimama mbele ya meza hiyo, wakala kiapo, wakaandikwa majina.

Idara ya Kumbukumbu na Historia ya Alabama imeiweka orodha hiyo kwenye intaneti, bure. Utakuta jina, rangi, kaunti, eneo la uchaguzi, na muda ambao mtu ameishi katika jimbo, kaunti na eneo lake. Umri haupo, na kukosekana kwake kutawasumbua mpaka mwisho.

Tulikwama mapema. Mwaka 1866 Alabama ilifanya sensa yake yenyewe iliyowataja kwa majina wakuu wa kaya za Weusi. Tulipoilinganisha na daftari la 1867, wanaume wengi wa sensa hawakuonekana daftarini. Mmoja wetu alikuwa tayari anaandika kwamba walitishwa wasijiandikishe. Vitisho vilikuwepo kweli, lakini hapa jibu lilikuwa kwenye ramani: Desemba 1866 jimbo liliunda kaunti mpya za Bullock na Lee, na zote mbili zilichukua ardhi ya Macon. Mtu alihesabiwa Macon, mwaka uliofuata akaandikishwa Bullock, na hakuhama hata hatua moja.

Marekebisho: kabla ya kulinganisha jina lolote, chora mipaka ya kila mwaka unaoutumia na uiweke juu ya ramani moja. Tunatafuta kila jina la 1866 katika kaunti zote tatu, na anayepatikana ng'ambo ya mpaka anapewa alama yake. Gharama ya fedha ni sifuri. Gharama ya muda ni kubwa, na haikwepeki. Ukitangaza kwamba mtu alinyimwa kura kumbe ni mpaka tu uliosogea, hakuna atakayekuamini utakapofika kwa yule aliyenyimwa kweli.

2 Machi 2024: Alama za marudio

Tulilipa dola 90 kwa programu inayosoma mwandiko wa kale. Hatuitumii tena, na sababu ni moja: alama za marudio.

Makarani wa karne ya 19 hawakurudia neno lililokwisha kuandikwa mstari wa juu. Waliandika "do", au vistari viwili vidogo, kumaanisha ni vilevile. Programu ilisoma "do" kama jina la ukoo, tukapata kijiji kizima cha akina Do. Hilo linaonekana haraka, na kulisahihisha ni rahisi. La hatari ni safu ya rangi. Karani anaandika rangi ya mtu wa kwanza juu ya ukurasa, kisha anashuka na vistari hadi chini. Programu ikikosea herufi ile moja ya juu, ukurasa mzima wa Weusi unakuwa wa Wazungu. Na pale ambapo katikati ya ukurasa karani aliandika rangi nyingine, kisha akaendelea na vistari, programu iliruka badiliko hilo na kuendelea na rangi ya mwanzo. Katika mradi ambao hoja yake yote ni rangi ya aliyeandikishwa, kosa la aina hiyo linaua kazi.

Sasa tunaandika kwa mkono. Watu wawili wanaandika ukurasa uleule bila kuonana, wa tatu anaamua palipotofautiana. Jedwali lina safu mbili kwa kila taarifa: ya kwanza ni kilichoonekana kwenye karatasi, hata kama ni vistari, na ya pili ni tafsiri yetu. Mtu akitupinga kesho, atajua alama ilikuwa ipi na uamuzi wetu ulikuwa upi.

Vifupisho vya majina tumevibandika ukutani: Jno ni John, Jas ni James, Wm ni William, Thos ni Thomas, Chas ni Charles, Geo ni George. Jihadharini na herufi s mbili zikifuatana. Kwa mwandiko wa zamani ya kwanza huandikwa ndefu kama f, hivyo Jesse huonekana Jefse.

Majina ya mahali ni kazi ya Bibi. Nilimsogezea picha ya ukurasa mmoja, nikamwuliza, "Bibi, hapa unasomaje?"

Hakuchukua muda. "Hiyo ni Creek Stand, mwanangu. Na hiyo ya chini ni Warrior Stand. Wageni huzichanganya siku zote."

Tulikuwa tumeyaweka maeneo hayo mawili kama moja. Tumerudia kurasa zote husika.

18 Mei 2024: 1870, 1880 na pengo la 1890

Sensa za 1870 na 1880 zimeingia bila shida kubwa. Maktaba ya umma ina usajili wa tovuti ya nasaba, kwa hiyo hatukulipa. Msimshangae mtu aliyeandikishwa 1867 kwa jina moja la ukoo na kuhesabiwa 1870 kwa jingine: wengi walioachwa huru walikuwa bado wanachagua jina watakalobaki nalo. Tunamkubali kuwa ni yuleyule pale tu mke, watoto au majirani wanapolingana.

Karatasi za sensa ya 1890 ziliharibiwa kwa moto Washington mwaka 1921, na zilizobaki nchi nzima ni vipande. Tulijaribu kuziba pengo kwa orodha maalumu ya mwaka uleule ya wanajeshi wa zamani wa upande wa Muungano, yaani wa Kaskazini, katika vita vile vya wenyewe kwa wenyewe. Ya Alabama imepotea karibu yote. Usipoteze muda huko, nenda kwenye faharasa ya pensheni za jeshi.

Kwa anayedhani kura za miaka hiyo hazikuwa na maana, watu wawili wa Macon wanatosha. James H. Alston aliiwakilisha kaunti hii katika bunge la Alabama. Mwaka 1870 alishambuliwa kwa risasi nyumbani kwake Tuskegee, akalazimika kukimbia, na mwaka uliofuata akaieleza kamati ya Bunge la Marekani yaliyompata. Mwingine ni Lewis Adams, fundi bati aliyezaliwa utumwani. Katika uchaguzi wa 1880 mgombea Mzungu wa useneti wa jimbo, W. F. Foster, alimwendea kuomba kura za Weusi, na Adams akataka shule. Bunge la jimbo likatenga dola 2,000 kwa mwaka kwa ajili ya mishahara, na Julai 1881 Booker T. Washington akaifungua shule ya Tuskegee. Chuo kile kinachojulikana duniani kote kililipiwa kwa kura. Kumbukeni hilo mnaposoma kilichofuata miaka ishirini baadaye.

10 Agosti 2024: Katiba ya 1901

Hapa ndipo kiini cha kazi kilipo, na hapa tumefuta na kuanza upya kuliko mahali pengine popote.

Mei 1901 wajumbe walikutana Montgomery kuandika katiba mpya, wote Wazungu. Mwenyekiti wao, John B. Knox, alisema waziwazi katika hotuba ya ufunguzi kwamba lengo ni kuweka utawala wa Wazungu kwa kadiri Katiba ya Marekani inavyoruhusu. Marekebisho ya 15 ya Katiba hiyo yanakataza kumnyima mtu kura kwa sababu ya rangi, kwa hiyo neno rangi halikutumika. Waliweka masharti, na juu ya masharti wakaweka watu watatu wa kuamua nani ameyatimiza. Wajumbe hao wa bodi ya kila kaunti waliteuliwa na gavana, mkaguzi wa hesabu wa jimbo na kamishna wa kilimo.

Masharti yalikuwa ya awamu mbili. Hadi 20 Desemba 1902 waliweza kuandikishwa wanajeshi wa vita vilivyotajwa, wazao wao halali, na watu wenye "tabia njema" wanaoelewa wajibu wa uraia. Aliyeingia kwa mlango huo alibaki mpiga kura maisha yake yote. Baada ya hapo ilibidi mtu ajue kusoma na kuandika ibara yoyote ya Katiba ya Marekani kwa Kiingereza na awe amefanya kazi sehemu kubwa ya mwaka uliopita, au awe na ekari 40 au mali ya dola 300 iliyolipiwa kodi.

Msomaji wa Tanzania aliyesimuliwa habari za kura tatu atalitambua jambo hili. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa kuwa na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Karatasi inataja kipato na shule, na matokeo yake yanaangukia rangi.

Mpango wetu wa kwanza ulikuwa kuhesabu Weusi waliokuwemo daftarini kabla ya 1901 na waliobaki baadaye. Tuliuacha. Mtetezi wa katiba ile angejibu kwamba waliotoka hawakujua kusoma, basi, sharti ni sharti. Ilitubidi kuuliza swali gumu zaidi: ni akina nani waliotimiza masharti yote yaliyoandikwa, na bado hawakuandikishwa?

Jibu linawezekana kwa sababu sensa ya 1900 iliuliza mambo yaleyale. Kila mtu ana safu ya kujua kusoma, ya kujua kuandika, ya kuzungumza Kiingereza, ya miezi aliyokosa kazi, na kila kaya ina safu ya kumiliki au kupanga nyumba. Umezaliwa mwezi gani na mwaka gani, pia limo. Unaweza kuchukua wanaume Weusi wote wa Macon waliotimiza miaka 21, ukachuja waliosema wanasoma, wanaandika na hawakukosa kazi, ukabaki na orodha ya watu ambao kwa maneno ya katiba walistahili. Kisha unamtafuta kila mmoja wao kwenye orodha za waandikishaji.

Orodha hizo nazo zina msaada ambao hatukuutarajia. Kifungu cha 187 cha katiba ile kiliiagiza kila bodi kuwasilisha mapema 1903 orodha ya walioandikishwa ikionyesha umri na eneo, nakala moja kwa jaji wa mirathi wa kaunti na nyingine kwa katibu wa jimbo. Umri hatimaye umo. Na kwa kuwa sheria ilitaka nakala mbili, ukikuta ukurasa umeharibika upande mmoja, kuna pa kuuliza.

Yaliyoshindwa katika hatua hii ni haya.

Umri hauaminiki. Waliozaliwa utumwani wengi hawakuwa na hati, na karani alikadiria. Sensa imejaa watu wa miaka 40, 45 na 50, na wachache mno wa 41 au 47. Tulianza kwa kudai umri ulingane kwa mwaka mmoja, tukawapoteza watu ambao ni dhahiri ndio wenyewe. Sasa tunaruhusu tofauti ya miaka mitano, lakini kwa sharti kwamba eneo lilingane pia.

Majina ya kawaida, kama John Williams, yanatoa watu kadhaa kwa kila utafutaji. Hatumchagui anayefaa hoja yetu. Jina lisilotenganishika linaingia kwenye faili la "haijulikani" na halihesabiwi upande wowote.

Ekari 40 hazithibitiki kwenye sensa. Sensa inasema anamiliki, haisemi kiasi gani, na karatasi za kilimo za 1900 hazikuhifadhiwa. Ilibidi tuende kwenye vitabu vya kodi ya ardhi vya kaunti. Ni vizito, vina vumbi, na ni vizuri kuliko tulivyotumaini: jina, ekari, thamani, na mara nyingi alama ya rangi pembeni.

Kundi ambalo hatukuliwazia limetokea lenyewe. Katiba haikusema mwanajeshi wa upande gani, maana maneno yake yanawajumuisha waliotumikia jeshi la Marekani. Kwa hiyo Mweusi aliyepigana upande wa Muungano, na mwanawe baada yake, walistahili kwa mlango ule wa awamu ya kwanza, bila kusoma wala kumiliki kitu. Tunawatafuta mmoja mmoja kwenye faharasa ya pensheni.

Kwa nini hawakwenda mahakamani? Walikwenda. Jackson W. Giles wa Montgomery alishtaki, wakili wake akiwa Wilford H. Smith, na fedha zikitoka kwa siri kwa Booker T. Washington, yule yule aliyekuwa akihubiri hadharani subira. Mwaka 1903 Mahakama Kuu ya Marekani ilimkatalia. Jaji Holmes aliandika kwamba ikiwa mfumo wote ni wa udanganyifu kama anavyodai, kumwandikisha Giles ni kumwingiza katika udanganyifu huohuo, na kwamba tiba lazima itoke kwa watu wa jimbo na vyombo vyao vya siasa, au kwa serikali ya Marekani. Watu walionyimwa kura wakaelekezwa kwenye kura. Nimeisoma hukumu hiyo mara nyingi na bado inanikera.

28 Septemba 2024: Kodi ya kura

Kuandikishwa hakukutosha. Kila mwaka, kabla ya tarehe 1 Februari, mpiga kura wa miaka 21 hadi 45 alidaiwa dola 1.50, na deni lilijikusanya. Aliyekaa miaka yote bila kulipa angedaiwa hadi dola 36 kabla ya kuruhusiwa kupiga kura. Mkulima wa kugawana mavuno, ambaye mwisho wa msimu mara nyingi anaambiwa na mwenye shamba kwamba bado anadaiwa, fedha hiyo hakuiona. Masharti ya limbikizo yalilegezwa 1953.

Kwenye jedwali tumeongeza safu mbili tofauti, "ameandikishwa" na "amelipa". Bila kuzitenganisha, utamhesabu kama mpiga kura mtu ambaye hakuruhusiwa kukaribia sanduku. Vitabu vya malipo havikukamilika, na tunavitumia kuthibitisha aliyelipa tu. Jina lisipokuwemo, hatuandiki kwamba hakulipa.

Gharama hadi leo: diski mbili za kuhifadhia, dola 130. Nakala za ofisi ya kaunti, dola 74. Ile programu, dola 90. Mafuta ya gari tunachangiana.

16 Novemba 2024: Fomu za 1958 hadi 1961

Tumeruka miaka kwa makusudi, kwa sababu vielelezo vya kesi ya Macon, ile iliyoamuliwa 1961, vimefunguliwa kwa wasomaji na tulipata nafasi. Viko pamoja na kumbukumbu za mahakama za shirikisho katika Hifadhi ya Taifa ya Atlanta, ambayo kwa kweli iko Morrow, Georgia. Agizeni masanduku kabla ya kwenda. Kupiga picha kwa simu bila mwanga wa flashi ni bure.

Kwanza historia ya karatasi zenyewe, maana ni sehemu ya ushahidi. Katika miaka ya 1950 Weusi walikuwa zaidi ya 80 kwa kila 100 ya wakazi wa Macon. Wazungu wenye umri walikuwa wameandikishwa karibu wote. Weusi, karibu mmoja kwa kumi. Na hapa hoja ya kutojua kusoma haikuwa na pa kusimama, kwa sababu kaunti ilikuwa na chuo, na hospitali ya wanajeshi wastaafu yenye madaktari na wauguzi Weusi. Desemba 1958 Tume ya Haki za Kiraia ya Marekani ilifanya kikao chake cha kwanza cha hadhara, Montgomery, kusikiliza habari hizo. Wahadhiri na wakulima wa Macon wakatoa ushahidi. Waandikishaji walikataa kueleza, na maofisa wa jimbo wakazizuia karatasi. Jaji Frank M. Johnson wa mahakama ya shirikisho akaamuru zionyeshwe. Mwaka uliofuata bunge la Alabama likaruhusu fomu za waliokataliwa ziharibiwe baada ya siku 30. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1960 ikajibu kwa kuagiza kumbukumbu za uchaguzi zitunzwe miezi 22. Ukisikia mtu anasema fomu za waliokataliwa hazikuwahi kuwepo, mwonyesheni mfuatano huo wa tarehe.

Wizara ya Sheria iliposhtaki 1959, wajumbe wa bodi walikuwa tayari wamejiuzulu, pakakosekana mtu wa kushtakiwa. Sheria ya 1960 ikaruhusu jimbo lenyewe lishtakiwe, na Machi 1961 Jaji Johnson akatoa hukumu: watu 64 wameonewa, waandikishwe mara moja.

Hukumu inasema Weusi walipewa kunakili Ibara ya Pili ya Katiba ya Marekani, walisubiri katika chumba chao, wakaingizwa wawili wawili, na waliokataliwa hawakujulishwa, wakati Wazungu walisaidiwa kujaza. Tulitaka kulipima hilo. Ibara ya Pili, ile ya urais, ina takriban maneno elfu moja. Kijana wetu mmoja aliketi akainakili kwa kalamu, kwa mwandiko unaosomeka, kama mtu anayejua kwamba herufi moja iliyokosewa ni sababu ya kukataliwa. Ilimchukua karibu saa nzima, na kidole chake cha kati kilikuwa na alama ya kalamu. Bado hajajaza fomu yenyewe. Kwa watu wawili kwa wakati mmoja, hata bodi ikikaa mchana kutwa bila kupumzika, haiwezi kumaliza zaidi ya watu kumi na wachache. Waliobaki kwenye foleni wanarudi nyumbani, na jina lao haliandikwi popote, si kwenye orodha ya waliokubaliwa wala ya waliokataliwa.

Njia iliyotusaidia kwenye fomu ni kulinganisha miandiko. Tunaweka picha tatu sambamba: majibu, sahihi ya mwombaji, na sahihi ya mwandikishaji. Majibu yakiwa na mkono mmoja na mwandikishaji, mwombaji alijaziwa. Mwanzoni kila mmoja wetu aliamua peke yake na tulipishana sana. Sasa tunaangalia herufi nne tu, zilezile kwa kila fomu, na anayeamua hajui rangi ya mwombaji, maana sehemu hiyo ya picha tunaifunika.

8 Februari 2025: Mpaka tena, na orodha ya watu wenyewe

Daftari la mji wa Tuskegee lilituonyesha Weusi karibu wote wakitoweka kwa mkupuo 1957, ilhali kwenye daftari la kaunti bado wapo. Sasa tulijua pa kutazama. Mwaka huo bunge la Alabama lilibadilisha mipaka ya mji kutoka mraba hadi umbo la pande 28. Kati ya wapiga kura Weusi takriban 400 walibaki wanne au watano, na hakuna Mzungu hata mmoja aliyetolewa. Charles Gomillion na wenzake wa chama cha Tuskegee Civic Association wakashtaki, watu wakasusia maduka ya mjini, na Novemba 1960 Mahakama Kuu ikaona sheria hiyo inakwenda kinyume na Marekebisho ya 15. Kwenye jedwali majina hayo yana alama ya "ametolewa mjini", tofauti kabisa na alama ya 1866. Mpaka wa 1866 uliwagusa wote waliokaa pale. Huu ulichorwa kuzunguka nyumba za watu.

Pengo la waliorudishwa kutoka foleni lina tiba ya sehemu. William P. Mitchell, mfanyakazi wa hospitali ya wanajeshi wastaafu na kiongozi wa chama hicho, alikuwa akiandika kumbukumbu za Weusi waliokwenda kujiandikisha na yaliyowapata, mwaka baada ya mwaka. Kazi yake iliwasaidia mawakili wa serikali. Nawaombeni, mkianza kaunti yenu, ulizeni kwanza kama kulikuwa na mtu wa namna hii: katibu wa kanisa, mwalimu, mweka hazina wa chama. Bodi iliandika ilichotaka kionekane. Yeye aliandika kilichotokea mlangoni.

Kuhusu faragha: waliojaza fomu baada ya 1945 wengine wanaweza kuwa hai, na fomu zina anwani na kazi zao. Majina hayo hayatatolewa. Kila mtu ana namba, na ufunguo wa namba anao Bibi. Familia ikimwomba namba ya mzee wao, anawapa wao tu.

22 Machi 2025: Hali ilivyo

Yaliyokamilika na kukaguliwa mara mbili: 1867, 1870, 1880. Sensa ya 1900 imekamilika, ukaguzi wa pili unaendelea, na vitabu vya kodi ya ardhi viko nusu. Fomu za kesi zimepigwa picha zote tulizopata, na ulinganishaji wa miandiko umeanza na sanduku la kwanza.

Kinachofuata ni wanawake, ambao waliingia katika hesabu baada ya Marekebisho ya 19 ya mwaka 1920 na hawamo katika jedwali letu hata mmoja. Majina yao ya ukoo hubadilika kwa ndoa, kwa hiyo tutahitaji vitabu vya ndoa vya kaunti, vinavyotunzwa katika ofisi ileile ya jaji wa mirathi.

Anayetaka kuanza Bullock au Lee anaweza kuchukua ramani zetu za mipaka na majina ya 1867 yaliyoangukia upande wao. Tayari tumeyatenga katika faili la peke yake, yakiwa na safu zote mbili, ya kilichoonekana na ya tafsiri.